Kichwa Kinatafuta Mwili

Saa kumi na moja alfajiri, Tarnowskie Góry,
nyuzi tisa chini ya sifuri.
Betri ya akiba nimeitia kwapani
kama mgonjwa na kipimajoto chake,
maana kamera nayo hufa kwa baridi,
na hufa pale pale jambo linapotokea.

Nimesimama juu ya daraja la waenda kwa miguu,
lile wanalorudia wauguzi wa zamu ya usiku.
Chini yangu reli zinaachana, zinarudiana,
zinaachana tena,
kama ndugu wenye kesi ya shamba.

Fahali wawili hawakai zizi moja, husemwa.
Hapa nimehesabu kumi na mmoja,
na Fahali ndilo jina walilopewa na madereva:
vichwa vya umeme, rangi imebabuka,
pembe zimekunjwa mgongoni
zikingoja kugusa waya.
Hawapigani. Mmoja ananguruma, anasahau kwa nini.

Kazi yenyewe anaifanya mdogo,
kichwa cha dizeli wanachokiita Mdudu wa Viazi.
Sisi tuliomwokota mdudu huyo mashambani,
watoto wa shule, kila mmoja na kopo lake,
twajua kwa nini: hashibi, hachoki.
Anayasukuma mabehewa ya makaa hadi juu ya kilima,
akifika kileleni anayaachia
moja moja, yashuke kwa uzito wake,
kila moja likishika njia ambayo halikuichagua.

Kisha chuma kwa chuma.
Kabati zima la sufuria
limeangushwa kutoka ghorofa ya tatu.
Baba aliisikia sauti hiyo miaka thelathini na miwili.
Mezani alitupigia kelele bila hasira:
chumvi! mkate!
Ni masikio yake tu yaliyokuwa mbali.

Kazi yake ilikuwa kuingia kati,
kuinama chini ya bafa, kunyanyua kulabu,
kukipa kichwa mwili.
Siku moja alirudi na vidole vinane.
"Vile viwili," alisema, "vimekwenda Gdynia na makaa."
Mama hakucheka. Mimi nilicheka;
nilikuwa na miaka sita, nikadhani vitarudi.

Picha yake kazini sina hata moja.
Zama hizo pale langoni palikuwa na ubao:
kamera nyeusi, mstari mwekundu juu yake.
Reli ilikuwa siri ya dola,
na baba alikuwa ndani ya siri hiyo
na kofia yake ya manyoya, na chai kwenye chupa.

Alfajiri hii yuko mwingine chini, Gracjan,
fulana ya rangi ya chungwa, taa mkononi.
"Bibi Kocurek! Soksi umevaa ngapi leo?"
Tatu, namwambia.
Naifungua shata kwa sekunde thelathini.
Sihemi. Mtu anapita na baiskeli, daraja linatikisika,
namlaani kimoyomoyo, naanza upya.

Kioo kidogo kinawaka.
Fahali wako wazi, hata kutu yaonekana.
Mabehewa yaliyotembea yamekuwa moshi.
Gracjan hayupo.
Aliinama, aliinuka, alikimbia kando ya gurudumu,
na picha ya namna hii haimshiki anayefanya kazi.
Imeishika taa yake tu: uzi wa manjano
unaoshuka, unapinda kati ya bafa mbili,
unakaa hapo kidogo, fundo,
kisha unatokea upande wa pili.

Umetokea.
Naukuza kwenye kioo, natazama tena.
Umetokea.

Nashuka ngazi zenye barafu kwenda kumwonyesha.
"Mimi niko wapi?" ananiuliza,
kamera kaishika kwa mikono miwili, glavu kavua.
Navihesabu vidole vyake
kabla sijamjibu.