Nani Kawatuma

"Nani kawatuma?" aliuliza diwani,
miwani juu ya paji, chai ikipoa,
na watoto kumi na mmoja wa darasa la sita
wakatazamana kama waliodondosha chenji.

Nabintu aliponisimulia, swali nililijua.
Mtoto hutumwa.
Tulitumwa chumvi, tulitumwa kiberiti,
tulitumwa tukamwambie mwenye nyumba mama hayupo.
Hakuna aliyetuuliza tumeona nini njiani.

Hawa wa Hull wameona.
Wiki tatu, barafu ikiwa bado kwenye vioo vya magari,
wamesimama ukutani mwa shule na chaki
wakihesabu malori yaendayo bandarini:
mstari, mstari, mstari, mstari, mkato.
Kieran alishika saa. Ewelina aliandika.
Wangu, mwenye pumu,
alichora kwa mkono mmoja,
wa pili umeifumbata pampu yake mfukoni.
Malori mia nne na kumi na mawili
kabla ya kengele ya Ijumaa.

Mimi sikuelewa. Nilimwambia, "Mwanangu,
sisi wageni hapa. Soma, nyamaza, upite."
Akanijibu kwa Kiswahili chake kinachochechemea:
"Wewe mgeni, mama.
Kifua hiki ni cha hapahapa."

Sasa, ofisi zile nazisafisha mimi.
Saa tano usiku, ghorofa ya pili, ndoo na tambara,
nikaikuta barua yao mezani
imekaliwa na kikombe.
Duara la chai limelizingira jina la mwanangu
kama muhuri.

Nilisimama. Kazi yangu ni kufuta.
Miaka sita nimefuta nyayo za watu
nisiowajua sura.
Kikombe nikakiosha, nikakiweka mbali.
Barua nikaikausha kwa upindo wa aproni,
nikausoma mstari wa mwisho, herufi zikipanda kilima:
tunaomba mtu mzima, hata mmoja,
aje asimame nasi Jumatatu
saa mbili kasorobo.
Aje na chaki yake, zetu zimekwisha.

Nikaiacha juu kabisa ya mafaili,
katikati, pasipo na pa kuwekea kikombe.

Jumatatu nilitoka zamu, sikwenda kulala.
Getini mwalimu akanitazama, ndoo bado mkononi:
"Nani kakutuma?"
Nikamwonyesha kwa kidevu
kofia ya sufi ya manjano pale ukutani.
"Yule."

Lori likapita.
Nikachora mstari wangu wa kwanza. Ulipinda.