Betri Inalala Chumbani Mwako

Kipkurgat, niliyekuzaa mlangoni
mkunga akiwa bado ng'ambo ya mto,
unaniuliza kwenye simu kama gari la baba yako linawaka.
Linawaka. Likitaka.

Julai imeingia Keringet bila hodi.
Jana alfajiri nyasi zilivunjika chini ya gambuti zangu
kwa mlio wa vigae,
na sakitu ilikuwa imetanda juu ya boneti
kama unga wa mtu aliyeuanika
akasahau kuuanua.

Wewe unacheka. Unasema huko Winipegi
hii si baridi, ni kiangazi cha wavivu.
Unasema magari ya huko huchomekwa ukutani usiku kucha
kama simu.
Haya, nimesikia. Sasa sikiliza na wewe.

Saa mbili usiku nafungua koki ya rejeta.
Maji yanatoka vuguvugu, mekundu kwa kutu,
hayafai hata kunawia miguu;
nayamwagia mchongoma.
Natandika magunia mawili ya viazi juu ya injini,
nalifunika kama mtoto mwenye surua.
Kisha spana namba kumi:
hasi kwanza, chanya baadaye,
kama alivyonifunza baba yako
siku zile alipokuwa hawezi tena kuinama,
anaelekeza kwa fimbo kutoka kitini.
Betri naibeba kifuani,
nzito kama wewe wa miaka miwili,
naipeleka ndani.

Jikoni kuna moshi. Sebuleni kuna wageni wa kanisa.
Kwa hiyo inalala chumbani mwako,
kitandani, juu ya ubao,
imevikwa sweta lako la shule
lile lililoliwa na nondo kwapani.

Saa kumi na moja naamka.
Maji ya moto ya rejeta, sawa;
ya kioo, hapana.
Tesot alimimina birika zima kwenye kioo chake
kikapasuka toka pembe hadi pembe,
na mpaka leo anaendesha akichungulia
kati ya mito na vijito.
Mimi nakwangua kwa rula yako ya darasa la nane,
halafu nakata kiazi, nasugua kwa ndani,
ukungu unateleza, haushiki.
Usicheke. Jaribu huko kwenu.

Gari hulala kwenye mteremko, jiwe chini ya tairi.
Napakia mikebe minne ya maziwa,
nachomoa jiwe, naruka ndani,
gia ya pili, klachi chini,
tunateremka kimya, mimi na ukungu.
Kwenye lango la Tapsiargaa naachia klachi.
Hapo ndipo hukohoa.

Jumanne halikukohoa.
Niliachia klachi langoni: kimya.
Niliachia penye kisima: kimya.
Nikavuta choki, nikapiga usukani, nikalitukana
kwa matusi ambayo baba yako hakujua kuwa nayajua.
Likafika darajani, likasimama lenyewe, limenuna.
Nikashuka. Nikafungua boneti.
Pale pa betri palikuwa na shimo tu
na nyaya mbili zimening'inia
kama mikono ya mtu anayeuliza, sasa?

Nilicheka peke yangu, Kipkurgat,
mpaka ng'ombe wa watu wakageuka.

Nikapanda kilima, pumzi ikinitangulia.
Chumbani mwako kulikuwa giza bado.
Godoro lilikuwa limebonyea katikati,
sweta limejikunja,
na mimi, mtu mzima, nikatembea kwa ncha za vidole
nisije nikamwamsha mtu.

Nikakaa pale kidogo.
Maziwa yakangoja.

Basi usiniulize tena kama gari linawaka.
Niambie hiyo dawa ya rejeta isiyoganda
inauzwa pesa ngapi kwa lita,
na kama yaweza kutiwa kwenye gari la mwaka themanini na mbili.
Niambie haraka, simu yangu imebaki nukta moja.
Na ukishalichomeka gari lako ukutani,
ukapanda ngazi,
ukavua viatu,
wewe unafunikwa na nini?