Dirisha Namba Tatu

Kisanduku cha sababu kina upana wa vidole viwili.
Aliyekibuni, nadhani, hajawahi kuacha kitu alichokipenda.
Humo watu wa Oruro huandika: fedha. Huandika: familia.
Mmoja aliandika: baridi. Nikagonga muhuri.

Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya kioo hiki,
glavu zimekatwa ncha, hita miguuni inanuka vumbi linaloungua,
nami nimejifunza kusoma mikono kabla ya kusoma fomu.
Anayehama chuo huishika kama tiketi.
Anayeacha huishika kama kikombe cha mwenyewe asiyemjua.

Saturnina Colque alikuja Jumanne. Mwaka wa pili, uhandisi wa madini.
Kwenye mikono ya sweta, unga wa ngano: alfajiri huoka mikate ya mjomba wake,
kisha hupanda kilima kwenda darasa la Kalkulasi,
ambako mhadhiri huita namba, haiti jina,
na arobaini na moja ikinyamaza
huenda arobaini na mbili bila kuinua macho.

Baba yake yuko Huanuni, chini ya ardhi, kwenye bati.
Kila mwezi hutuma pesa kidogo na neno moja: bado?
Neno hilo lina makali pande zote.
Bado unasoma? Bado hujamaliza?
Binti hulala nalo, huamka nalo, hulikanda na unga.

Kisanduku alikijaza hivi: hakuna atakayejua.

Muhuri ulikuwa papa hapa, kando ya kiwiko changu, wino mbichi.
Nikamwambia umepelekwa kwa fundi. Rudi Ijumaa.
Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini,
na ulinitoka laini, hata nikaogopa.

Ijumaa nikasema fundi anaumwa.
Jumanne nikasema amepona, ila mpira wa muhuri umeadimika nchi nzima.
Akacheka. Ndiyo kwanza nikaona meno yake.
"Huyo fundi wako," akasema, "mkewe ana subira."

Sikumwokoa mimi. Nisijipake mafuta kwa mgongo wa chupa.
Kati ya Ijumaa na Jumanne yalitokea mambo ambayo sikuyapanga:
Wilma Fuertes wa safu ya tatu alimwekea kiti,
akakitupia skafu yake, akagombana na wavulana wawili;
mama muuza api langoni, uji ule wa zambarau,
alimkopesha kikombe, akasema utalipa ukiwa injinia;
na mhadhiri alipoteza orodha,
ikambidi aulize: wewe, unaitwa nani?
Akataja jina lote, la ubani na la ujombani.
Wilma anasema lilifika dirisha la nyuma.

Novemba akafeli tena Kalkulasi, kwa alama tatu.
Nikajua nitamwona. Akaja kweli,
pua nyekundu kwa upepo wa nyanda za juu,
akaomba fomu ya kurudia somo.
Fomu hiyo haina kisanduku.
Hakuna anayeulizwa kwa nini anabaki.

Lakini kwenye droo yangu ya chini
ipo nakala ya Rolando Chungara, wiki ileile ya muhuri kwa fundi.
Foleni ilikuwa ndefu, jino likinipwita.
Aliandika: nimechoka.
Nikaona neno lisilo na kosa la tahajia, basi.
Sekunde nne.

Wengine wanasema yuko Chile, anapakia zabibu.
Wengine hawamkumbuki, wananiuliza: Rolando yupi?
Nami kila asubuhi, nikifungua kidau cha wino,
naugeuza muhuri, nautazama usoni:
mpira wake mzima,
herufi zote zipo.