Nusu Shume

Binti yangu Halszka aliniletea sanduku la viatu
lililotobolewa matundu kwa bisibisi.
"Baba, wiki mbili tu."
Tangu utotoni wiki zake hazifiki Jumapili.

Ndani, watatu. Wametolewa chini ya boila
la kiwanda cha pamba kilichofungwa, hapa hapa Łódź,
walikozaliwa juu ya gunia la nyuzi chakavu.
Si paka wa nyumbani, si shume kamili:
nusu kwa nusu, kama chai iliyosahauliwa mezani,
haijapoa, hainyweki.

Nikafungua mfuniko. Fyuuu!
Watatu kwa pumzi moja, kama breki za tramu
niliyoiendesha miaka thelathini na mmoja.
Nikasema, haya, karibuni.
Wakanijibu kwa kucha.

Chumba cha kuogea kikawa chao.
Mimi nikawa naoga kwa Bwana Ziemowit, ghorofa ya pili,
ambaye hakuuliza kitu,
alinusa tu shati langu, akanipa sabuni mpya.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa siku ya tatu walinipa jembe mimi:
kikoleo cha plastiki cha kuchambulia mchanga,
asubuhi na jioni, magoti sakafuni,
mbele ya beseni la mavi.

Wao wamehamia nyuma ya mashine ya kufulia.
Nilichoona ni macho, jozi mbili na nusu;
jicho la sita limezibwa na usaha.

Daktari wa wanyama alisema: "Usiwakazie macho.
Kaa chini. Soma kwa sauti, chochote kile.
Wazoee koo lako."
Koo langu! Tangu Otylia afariki limeota kutu.
Mtu wa peke yake azungumze na nani, birika?

Nikasoma kijitabu cha mashine yenyewe:
usifue sufu kwa maji ya moto,
usifungue mlango ngoma ikizunguka.
Nikasoma bili ya umeme mpaka senti ya mwisho.
Nikasoma barua za Otylia za mwaka wa uchumba wetu,
alipolazwa milimani kwa ajili ya mapafu,
na pale alipoandika *hapa mikate ni mibaya, njoo*
sauti ikanikatika,
na Guzik akatoa pua.

Guzik, yaani kifungo. Nitka, yaani uzi.
Wa tatu sikumpa jina.
Jina ni kamba, na sikutaka kufungwa.

Kuku wa kusaga kwenye ncha ya mwiko.
Kisha kijiko. Kisha kidole.
Nitka alikilamba, akakumbuka mimi ni nani, akakiuma.
Kovu ninalo, jeupe, dogo kama punje ya mchele.

Usiku wa kumi na tisa yule asiye na jina
alinipanda pajani. Si mapenzi, ilikuwa baridi.
Akaanza kunguruma, cherehani ya chumba cha pili,
huku jicho lake zima likinitazama
kwa chuki isiyopungua hata kidogo.
Kifua hivi, jicho vile.
Sikushangaa. Kwenye mazishi nami nilicheka.

Guzik na Nitka wamekwenda Zgierz, kwa mama mmoja fundi miwani.
Huyu mwingine bado yuko nyuma ya mashine.
Halszka haulizi. Mimi sisemi.

Jioni naenda uani mwa kiwanda.
Mama yao amerudishwa pale, kizazi kimefungwa,
ncha ya sikio imekatwa, ndiyo cheti chake.
Naweka dagaa wa kopo juu ya mfuniko wa rangi,
narudi nyuma hatua ishirini na mbili, ndivyo anavyotaka,
nampa habari kama anavyopewa mkwe:
Guzik ananenepa. Nitka analala kwenye kofia ya mtu.
Wa mwisho, mama, ana jicho lako.

Hali mpaka niondoke.
Theluji inaanza kuufunika mfuniko.
Naendelea kusema.