Kosa la Mita Kumi na Moja

Sechelela, nukta zako zimenifikia.
Mia moja na kumi na saba, nimezihesabu mara mbili
(ndiyo kazi yetu, hata kuhesabu tunahakiki).
Nimezilaza juu ya ramani yangu
kama fundi anayepima kitambaa mwilini,
na kitambaa hakikukaa.

Kisima chako kiko mita kumi na moja nje ya kisima.
Zahanati umeiweka barabarani.
Kuna mahali umeandika "Kwa Ndahani, mbwa mkali,"
na mfumo wangu hauna safu ya mbwa.

Usinune. Mimi nilifundwa hivi:
miguu mitatu ya chuma juu ya bikoni,
pumzi nimeibana, povu la pimamaji likae kati,
ndipo niseme hapa ni hapa.
Miaka minne darasani, kumi na tisa juani,
na sentimita mbili ndiyo heshima yangu.
Wewe una simu ya kioo kilichopasuka
na bando la jioni.

Wa mbali nao wamechangia, wema wao sina shaka nao:
mtu asiyelijua vumbi la Agosti la Nzuguni
ameketi usiku wa kwao, akatuchora kutoka angani.
Kila bati linalong'aa amelipa pembe nne.
Kichuguu kimoja amekiita nyumba.
Lakini tembe hakuziona.
Nami, kwa picha zangu za kulipiwa, sikuziona.
Paa la udongo juu ya udongo:
ukitazama kutoka juu, hakuna mtu.
Miaka yote nimeandika pale "pori".

Wewe ulizipitia kwa miguu, arobaini na moja,
hodi baada ya hodi,
ukaandika nani analala humo, nani macho yamepungua,
nani ana mlango unaokwama wakati wa mvua.

Jana nilikuja na mashine kukusahihisha.
Nasema kweli, nia ilikuwa hiyo.
Korongo lilikuwa kavu, mchanga ukichoma soli,
nikaitafuta bikoni niliyoisimika mwenyewe
nikiwa bado na nywele.
Nikaikuta inaning'inia.
Ukingo umeliwa, mvua kwa mvua,
zege limetokeza hewani kama jino bovu,
namba zake bado zinasomeka vizuri.
Sentimita mbili, kamili,
za mahali pasipokuwapo.

Watoto wa pale wanapaita Penye Jino.
Nikafungua nukta zako.
Ulikuwa umeshaandika.

Lakini sitakupamba. Kosa lako bado ni kosa.
Mjomba wako umempa shamba la zabibu
mpaka ng'ambo ya michongoma ya jirani;
mstari huo nimeufuta bila huruma,
maana mstari wa namna hiyo
huenda baraza la ardhi na karatasi
ukarudi na panga.
Zahanati pia nimeirudisha ndani ya kuta zake.
Ukaniambia, "Pale barabarani ndipo tunaposubiri."
Sikuwa na jibu.
Nimeziacha nukta zote mbili.

Mji huu, wanasema, ulipata jina
kwa mtu aliyemwona tembo amedidimia topeni
akaenda kuwaambia wenzake.
Hakupima. Hakuna aliyemuuliza
alikuwa amesimama wapi hasa.
Na hadi leo sisi wenye vyeti
jina lile tunaliandika juu ya kila karatasi,
kwa herufi kubwa, kabla ya kipimio.

Basi njoo Jumanne, mlango wa pili ukipanda ngazi.
Nitakufundisha kusimama kimya, setilaiti zitulie,
ndipo ubonyeze.
Nawe utanionyesha ile njia ya Ntyuka
inayopita nyuma ya makaburi,
ambayo wote mnaipita na mimi sina.

Safu ya mbwa nimeiongeza.
Kwa sasa ina mbwa mmoja.