Jiwe la Kuzuia Mlango

Lizugh, saa tano asubuhi, nyuzi arubaini na sita.
Keekee imezimwa ipoe.
Mundhir amemwagia bomba maji, mvuke umeruka,
nami napanga vipande vya mwamba sandukuni
kama mtu apangaye mihogo gengeni:
mita mia mbili na kumi, mia mbili na kumi na moja.
Naandika: kijani cheusi, laini, mishipa myeupe,
miwili, saba,
hesabu imenishinda.

Mwamba huu si wa huku.
Ulikuwa chini ya sakafu ya bahari, chini zaidi,
ndani ya joho la dunia, ambako jiwe hutambaa
taratibu kuliko uji uliolala.
Kawaida mabamba mawili yakigombana
la bahari huinama, likamezwa, habari yake ikaisha.
Hili lilikataa.
Lilipanda mgongoni mwa Uarabuni
likabaki juani miaka milioni tisini na kitu,
na mpaka leo halijaizoea hewa.

Mama alishuka Matrah mwaka sabini na mbili
na sanduku la bati na mbuzi ya kukunia nazi.
Wakamwuliza: nazi yenyewe utaipata wapi?
Hakujibu. Mbuzi ile ingalipo jikoni, Al Khuwair.
Simfananishi na mlima. Mwenyewe hapendi.

Kiyoyozi chake hukiweka nyuzi kumi na nane.
Kinatema joto uchochoroni,
joto linamwingilia Bi Shinuna dirishani,
naye anashusha chake kumi na saba,
nacho kinamtemea fundi cherehani wa Chittagong,
naye fundi ananunua cha pili,
mpaka uchochoro mzima unanguruma kama kinu
na paka wamehama.
Nikamwambia: Mama, huu ndio mrejesho.
Jambo linakula mkia wake na linanenepa.
Barafu ya kaskazini nayo ni vivyo hivyo:
ikiyeyuka, bahari nyeusi hubaki wazi,
hulinywa jua, ikaiyeyusha iliyobaki.
Akasema, "Kwa hiyo nizime?"
Nami nimekaa mbele ya upepo ule ule.

Nikatoa jiwe mfukoni.
Upo mrejesho mwingine, nikasema, wa kutuliza.
Uone mshipa huu mweupe? Huu ulikuwa hewa.
Mvua hushuka na hewa ukaa, ikapenya ufa,
ikaikuta magnesi imekaa kizani,
na pumzi ikawa jiwe.
Joto likizidi, mvua huzidi, miamba humung'unyika upesi,
hewa hupungua ukaa, joto hushuka.
Bondeni kwetu kuna kidimbwi cha buluu ya kufulia,
juu kimefunga utando kama maziwa yaliyopoa.
Uvunje kwa kidole, kesho umerudi,
umefumwa kwa hewa ya leo.

"Haba na haba," akasema, akiligeuzageuza.
"Na hicho kibaba kitajaa lini?"
Miaka laki kadhaa, Mama.
Akacheka mpaka miwani ikamwanguka.
"Sasa nyinyi mnatoboa ili iweje?"
Ili tulihimize. Tulinyweshe maji yenye gesi,
lifanye kwa umri wetu lifanyalo kwa umri wake.
"Litaweza?"
Sijui. Mundhir hajui.
Katika ripoti tumeandika "huenda" mara kumi na nne.

Usiku ule Uarabuni ilisogea kaskazini
unene wa unywele mmoja.
Alfajiri nikaukuta mlango wa jikoni u wazi,
jiwe langu limeuegemea usipigwe na upepo,
mshipa mweupe umeelekezwa nje,
na kiyoyozi kimya.
Nikasimama pale nikasikiliza ukimya wake.
Saa tatu na nusu
akakiwasha.