Shuka la Bweni la Tatu

Walihitaji kitu cheupe.
Mwalimu Kasubi akapita kitanda kwa kitanda,
akachagua shuka langu, kwa kuwa halikuwa na doa
ila ule muhuri wa buluu katikati: MALI YA CHUO.
Tukalitundika ukumbini kwa misumari minne
na kamba ya kuanikia ya akina dada,
huku upepo wa Agosti ukisukuma vumbi la Tabora
chini ya mlango.

Ilikuwa Alhamisi ya tatu ya mihadhara ya "Sisi ni Nani."
Ya kwanza walizungumzia mavazi, tukasinzia.
Ya pili, majina; Feruzi akatoka kwa hasira,
akarudi kuchukua kofia yake,
akakaa tena.

Mgeni wetu, Daktari Rwekaza,
alishuka kwenye treni ya asubuhi iliyofika jioni.
Akapanda jukwaani, akatusalimu Kinyamwezi:
"Mwangaluka!"
Saa moja ya usiku.
Safu za nyuma zikaangua kicheko;
hiyo ni salamu ya waliopambazukiwa.
Lakini tukaitika. Alikuwa amejaribu.

Taa zikazimwa. Projekta ikakohoa.
Filamu haina sauti. Watu wanatembea,
ndiyo yote: wanatembea, mizigo vichwani na mabegani,
mwendo wa kukurupuka, kana kwamba mashine inawafukuza,
wanaingia kushoto mwa shuka, wanatokea kulia,
na kila anayepita katikati
anagongwa muhuri kifuani: MALI YA CHUO.
Tulimcheka wa kwanza. Wa pili pia.
Wa kumi hakuchekwa na mtu.

"Hawa ni wapagazi," akasema Daktari.
"Wanyamwezi. Utambulisho wao ni safari."
Alieleza vizuri, simvunjii heshima;
niliandika kurasa mbili.

Nyamizi wa jikoni alikuwa amesimama mlangoni,
amekuja kudai sufuria la chai.
"Rudisha nyuma," akasema,
kwa sauti ile ile ya "ongeza maji kwenye maharage."
Filamu ikarudishwa.
Wapagazi wakatembea kinyumenyume,
mmoja mmoja, na mizigo yao,
kwa mara ya kwanza wakielekea kwao.
"Hapo. Isimamishe."

Mtu ameinama, anafunga mzigo.
Kamba ya gome inapita chini ya kidole gumba,
inazunguka mara mbili, inajimeza.
"Fundo hilo baba anafungia mizinga, kule Sikonge.
Mimi nafungia gunia la unga. Njooni stoo muone."
Halafu akauliza: "Anaitwa nani huyu?"

Daktari akapekua karatasi zake.
Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Hakuandikwa."
"Na aliyempiga picha?"
Kimya kidogo.
"Huyo ameandikwa."

Hapo umeme ukakatika.
Hakuna aliyetoka.
Gizani Feruzi akasema, bila kuinua mkono,
kwamba wazee wake walivuka ziwa kutoka Manyema,
kwamba kwenye fomu yeye huandika Mmanyema
na karani hukata, huandika "Wengineo."
Mtu akacheka vibaya, akanyamazishwa.
Msichana wa safu ya mbele, sikumwona uso,
akasema mama yake ni Mha, baba yake ni Msukuma,
na yeye huota ndoto kwa Kiswahili,
je, hilo ni kosa?
Daktari akasema hajui.
Nilifuta kurasa zangu mbili? Hapana.
Niliandika chini yake: hajui.

Tulijifunza lile fundo kwa tochi za simu,
kwa kamba ya kuanikia, Nyamizi akitugonga vidole.
La Daktari lilishika mara ya nne.
Langu lilifunguka kila mara.

Usiku nikatandika shuka langu,
matundu manne pembeni, harufu ya kutu.
Nikalala ukingoni, mgongo ukutani,
nikiwaachia njia.